Siku Nane Nilizougua Ugonjwa wa Mwenzangu

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiizungukazunguka mtadhani naificha: mimi, Bakari, mtu mzima mwenye cheti cha maabara ambacho mama yangu amekitia fremu na kukitundika sebuleni, niliwahi kukaa siku nane nikijiandaa kufa kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, nikasomewa dua, nikagawa baiskeli, nikasamehe maadui (wawili, na mmoja hakuwa anajua kama ni adui), na mpaka leo nikipita Rahaleo pale kwenye mashine ya kusaga kuna watu wazima na akili zao wananiita Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" Nami naitikia, ningefanyaje?

Wakati ule nilikuwa kwenye mradi wa utafiti wa lupus. Tulikuwa na vyumba viwili nyuma ya hospitali moja pale Mtwara mjini, mkubwa wetu akiwa Daktari Rehema, mama wa makamo kutoka Masasi, mpole wa sauti, lakini akikutazama unajikuta umekaa vizuri. Kwa asiyeujua, lupus ni ugonjwa ambao askari wa mwili, wale wa kupambana na vijidudu, wanachanganyikiwa na kuanza kuwapiga wenye nyumba. Viungo vinauma, mashavu yanawiva mekundu ukipigwa na jua, unachoka uchovu usio na jina, na wakifika kwenye figo hapo ndipo mambo yanapokuwa mabaya. Wapo wengi huku kwetu wanao bila kujua, wanaambiwa malaria, wanaambiwa baridi yabisi, wanaambiwa wivu wa mke mwenza. Daktari Rehema alitaka kujua ugonjwa huu unajionyeshaje kwenye damu za watu wa huku Kusini, kwa hiyo tulichukua damu za watu anaowashuku na damu za watu wazima wa afya, tukazilinganisha.

Sasa kile kipimo chenyewe, jamani, nilikipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda kipimo. Unachukua yale majimaji ya juu ya damu, unayadondosha kwenye kipande cha kioo chenye miduara kumi, kila mtu na duara lake, unaosha, unatia rangi maalumu, unaosha tena, halafu unaingia kwenye chumba chenye mapazia meusi na unazima taa. Nje mchana unawaka, wauza karanga wanapiga kelele, ndani giza tupu na ubaridi na wewe peke yako na darubini. Damu isiyo na neno inabaki giza. Ile yenye askari waliochanganyikiwa inawaka kijani, kijani cha jani la ndizi lililopenyezwa na jua, vidoti mamia vimetulia kwenye weusi, na ukivitazama sana unasahau kwamba kila duara ni mtu, ana miguu inayouma na safari ya kurudi kwao. Nilikuwa nasahau hivyo mara kwa mara. Nadhani hapo ndipo pa kuanzia kunilaumu.

Basi ilikuwa Alhamisi, mwezi ule ambao Mtwara nzima inanuka maua ya mikorosho na watu wanapuliza salfa, ule unga wa kuikinga na ukungu. Nilikuwa na damu tisa na miduara kumi, maana mtu mmoja wa afya aliyeahidi kuja hakutokea. Ningeweza kuliacha lile duara tupu, hakuna ambaye angenifunga. Lakini duara tupu liliniuma macho, kwa hiyo nikakunja shati, nikamwambia Sista Asumini, muuguzi wetu, "Nitoe mimi, mimi si mtu wa afya?" Akanitoa, akaandika jina langu kwenye ule mrija mkubwa wa damu na namba tisa, ile ya yule asiyetokea, basi. Uamuzi wenyewe ndiyo huo. Mdogo kabisa.

Damu ikizungushwa kwenye mashine inajitenga, halafu yale majimaji ya juu tunayahamishia kwenye vichupa vidogo, na vichupa vidogo huwa na stika zake, ila stika siku ile zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nikachukua maka peni nikaandika namba juu ya vifuniko. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, feni inazunguka, harufu ya maua inaingia dirishani, nami nikawa naelea tu, nawaza sijui nini, nawaza maji ya Mnazi Bay yalivyo meupe wakati wa kupwa. Kifuniko ni duara, hakina juu wala chini. Sita ukiigeuza ni tisa. Kila mwanafunzi wa maabara anafundishwa kupiga kistari chini ya namba hizo mbili, mimi mwenyewe niliwahi kuwafundisha wanafunzi wa mazoezi kwa sauti ya kujidai, na siku ile sikupiga.

Alasiri nikaingia gizani. Duara la kwanza, giza. La pili limewaka kidogo. La sita, ambalo lilikuwa la dada mmoja aliyekuja kutoka vijiji vya kule mto Ruvuma unakomwagikia baharini, giza tupu. Nikasogeza. La saba, la nane. La tisa likawaka.

Siwezi kuwaeleza likawaka vipi. Lilijaa. Nilikaa pale nikilitazama, na kitu cha ajabu ni kwamba mwanzo sikuogopa, niliona ni zuri, nikajisemea kumbe ndani yangu ndiyo hivi, kumbe nimebeba mji mzima wenye taa na sikuwahi kuambiwa. Halafu ndiyo nikakumbuka maana yake.

Nilipowasha taa Daktari Rehema alikuwa mlangoni. Akachungulia naye, akaandika, akachungulia tena.

"Ajabu," akasema. "Huyu dada wa sita nilikuwa na uhakika naye. Mashavu, viungo, nywele zinakatika, kila kitu. Na hapa hana kitu." Akageuka. "Na tisa ni nani?"

"Ni mimi, Daktari."

Akavua miwani. "Usiogope. Unajua mwenyewe wapo watu wazima wa afya wanaowaka na hawaumwi maisha yao yote. Kipimo kimoja si ugonjwa. Kesho njoo utoe damu nyingine tuangalie."

Maneno hayo nilikuwa nayajua kwa moyo, nimewaambia watu wengi. Lakini yakisemwa kwako yanapita juu ya kichwa kama ndege. Nikaomba ruhusa ya wiki, nikaenda nyumbani, nikazima simu. Daktari naye kesho yake, Ijumaa, akamwita yule dada (alikuwa amefikia kwa ndugu zake Chikongola akisubiri majibu), akamwambia kwamba kwa kipimo hiki haionekani kuwa ni lupus, arudi kwao kwanza, na wao wataendelea kutafuta ni nini. Hilo nililijua baadaye. Mimi siku hiyo nilikuwa na kazi ya kufa.

Ijumaa hiyo hiyo nilikwenda shambani kwa mjomba wangu Chilumba, nje kidogo ya mji, kwa nia (msicheke) ya kuiaga mikorosho niliyoipanda naye nikiwa mdogo. Nilimkuta na pampu mgongoni anapuliza salfa, mashine inaunguruma, vumbi la manjano linapanda kwenye matawi na kushuka polepole, jua linapita ndani yake, na mimi nikasimama katikati ya mawingu yale nikagusa shina moja baada ya jingine. Nilijiona niko upande wa pili tayari. Mjomba akawa ananipigia kelele kitu, sikumsikia. Nilirudi nyumbani macho yanawasha, na jioni nikajitazama kwenye kioo cha kabati, mashavu yamewiva mekundu, kushoto na kulia, umbo la kipepeo vile vile lilivyochorwa kwenye vitabu.

Hapo sikuwa na shaka tena. Nikamwita mama.

Mama yangu, Mungu amweke, alikaa kitandani akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Unauma?" nikasema "Hauumi, mama, unachosha," akaanza kulia bila sauti. Mpaka Jumamosi mchana mtaa mzima wa Rahaleo ulikuwa na habari.

Na hapa niungame kitu ambacho sikumwambia mtu kwa muda mrefu: siku zile zilikuwa tamu. Nilikatazwa jua (nilijikataza mwenyewe), kwa hiyo nilitandikiwa mkeka kibarazani upande wa kivuli, na nikitaka kutoka nilitembea na mwavuli wa mama wa maua ya zambarau. Watu walipunguza sauti wakinipita. Majirani walileta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, walileta pweza, walileta uji wa choroko kwenye chupa ya chai ili usipoe, na mimi nilikula kidogo kidogo huku nikitazama kivuli cha ukingo wa paa kikihama ukutani, nikisikia adhana ikitoka mbali na kuku wakikwaruza, na kila kitu kilikuwa kimepata utulivu wa ajabu, hata kopo la maji lilionekana kama kitu nitakachokikumbuka. Nilikuwa nimechoka kweli kweli! Miguu mizito, mikono mizito. Uchovu wote wa ugonjwa ule niliousoma vitabuni ulinijia mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kurasa.

Jumatatu nilimpa mjomba baiskeli yangu. Aliipokea akaizungusha kanyagio, akanitazama.

"Njomba wangu," akasema (mjomba ni Mmakonde wa huko juu Newala, na kwake mtu ni ntu), "ugonjwa gani huu wa kumtembeza ntu na mwavuli wa kike?"

"Wa damu, mjomba."

"Na kula unakula?"

"Nakula kwa ajili ya mama."

Akaondoka nayo, akigeuka geuka.

Mama akaamua Alhamisi baada ya alasiri nisomewe dua. Ua wetu ukajaa. Mikeka, wazee mbele, akina mama nyuma na sufuria la pilau ambalo harufu yake ilinifanya nione haya kuwa na njaa. Maalim wa madrasa alisoma Yasini kwa sauti nzuri sana, na mimi nilikaa katikati na kanzu nyeupe, mwavuli umefungwa mapajani, nikiyumba kidogo. Alipomaliza nikaomba kusema. Hakuna aliyeniambia niseme. Nikawaomba wote radhi, nikamtaja kwa jina fundi cherehani wa mtaa wetu kwamba nimemsamehe kuhusu ile suruali, naye akashtuka akasema, "Suruali gani?", na kabla sijaeleza nikaona watu wanageuka kutazama lango.

Alikuwa Daktari Rehema, amesimama na bahasha. Akavua viatu, akasalimia wazee shikamoo, akaja mpaka nilipo.

"Bakari, simu yako imezimwa wiki nzima. Njoo pembeni tuzungumze."

Sasa hapo, ndugu zangu, hapo ningenyanyuka tu. Hatua tano mpaka kwenye mpapai. Lakini nilikuwa nimejaa, nilikuwa naelea, nikaweka mkono kifuani nikasema, "Sema hapa hapa, Daktari. Mimi sina siri tena na dunia."

"Ni mambo ya kazi, Bakari."

"Hapa hapa."

Akafungua bahasha. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya upole ambayo inafika mpaka nyuma kabisa ya darasa: "Haya. Damu yako haina kitu. Hukuja kutoa nyingine, nikaichukua ile ya mrija mkubwa wenye jina lako, nikarudia jana na nikarudia leo asubuhi. Giza tupu. Ulichanganya vichupa."

 Nilisikia mafuta yakitoa povu kwenye sufuria. Mtu mmoja akakohoa.

"Kwa hiyo," akasema mjomba Chilumba kutoka nyuma, "baiskeli je?"

Mama akaja akapiga magoti kwenye mkeka akanishika uso kwa mikono miwili. "Na haya mashavu? Daktari, ntazame mwanangu mashavu!"

"Salfa hiyo!" akasema mjomba. "Si alikuja kusimama chini ya nkorosho napuliza! Namwambia toka, ntoto, itakuunguza, yeye kafumba macho kashika nti. Mimi nikadhani anaomba."

Akaanza kucheka mtu mmoja, mwanamke, sauti nyembamba ya kujizuia, kisha ukafuata ua mzima, wazee wanajifuta machozi kwa kofia zao, fundi cherehani anauliza kila mtu suruali gani, mama analia na kucheka pamoja, akavua kandambili akanipiga nayo begani mara tatu, halafu akanikumbatia na ile kandambili mkononi. Maalim akainua mkono. "Basi dua iliyobaki tuifanye ya shukrani," akasema, "wali usije ukapoa." Nami nilicheka nao. Nilitamani ardhi inimeze lakini nilicheka, kwa sababu ni kitu kizuri sana kurudishiwa uhai hadharani, hata kama ni kwa njia ile.

Daktari Rehema peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na bahasha yake akinisubiri, na nilipomtazama kicheko kikanikauka. Kichwani nikaviona vile vifuniko viwili, vimelala kwenye tundu zake, vya duara.

"Daktari," nikasema, "sasa ile iliyowaka ni ya nani?"

"Nilitegemea uulize hilo kwanza," akasema.

Sikula ule wali.

Tulitoka asubuhi ya Ijumaa, yeye anaendesha, mimi nimekaa kando bila mwavuli. Yule dada aliitwa Somoe. Daktari alinieleza njiani: ana umri wa miaka ishirini na kitu, ameolewa, mume wake anaitwa Asani, watu wa mume walivuka kutoka Msumbiji zamani, wanalima mpunga na mihogo karibu na mdomo wa mto. Simu yake haikupatikana. "Uliyekosea ndiye utakayeeleza," akasema Daktari, "mimi nitakuwa pembeni yako, lakini mdomo ni wako."  Barabara ilipita kwenye mikorosho, na kila mahali watu wanapuliza, lile vumbi la manjano limening'inia kati ya miti bila kwenda popote, linafunguka mbele ya gari na kujifunga nyuma yetu, na nilikuwa nikiona ndani yake uso wa mtu nisiyemjua, maana kusema kweli Somoe sikuwahi kumwona. Nilikuwa namjua kwa duara tu.

Tulimkuta uwanjani, juani, anageuza makopa. Mihogo iliyomenywa imeanikwa kwenye turubai, myeupe kwa ukali wa kuumiza macho, na yeye ameinama katikati yake, kanga kiunoni, kichwa wazi. Alipoinuka kutusalimia nilimwona mashavu. Hayo hayakuwa ya salfa. Vidole vimevimba, na Daktari alipoinama akambonyeza mguu juu ya kifundo kwa dole gumba, lile shimo likabaki pale, halikurudi, nikawa nalitazama.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kivulini anamenya mihogo mingine. "Mmekuja kumwona mvivu wetu?" akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayetaja jina la mtu. "Nyie wenyewe mlisema hana kitu. Toka arudi ndiyo angalau anafanya kazi."

Daktari akaomba tuingie ndani sisi na Somoe tu, na kwamba mumewe aje kama Somoe anataka. Somoe akasema aje. Asani alikuwa kijana mrefu, mkimya, alisimama mlangoni mikono ina udongo. Nikasema. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima na yote yakatoweka, nikabaki na machache: "Dada Somoe, mimi ndiye niliyepima damu yako. Nilikosea. Niliandika namba vibaya, yako nikaihesabu yangu na yangu nikaihesabu yako. Daktari amerudia. Una lupus kweli. Na tunaogopa imeanza kugusa figo, kwa hiyo tunaomba twende wote hospitali leo. Nisamehe."

Hakulia wala hakukasirika. Alinitazama usoni kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Mgonjwa kabisa. Wa kwenye damu. Siyo mvivu."

"Hapana. Hukuwa mvivu."

Akasimama, akajishika ukutani kwanza, akapita katikati yetu mpaka mlangoni. "Njoo useme nje," akasema.

Daktari akamwambia polepole kwamba halazimiki, hayo ni mambo yake mwenyewe, hakuna mwenye haki ya kuyajua. "Najua," akasema Somoe. "Nataka wayajue."

Nikatoka. Nikasimama kwenye ukingo wa lile turubai nikayasema tena. Mama mkwe akaweka kisu, akatega kichwa. "Hasikii vizuri sikio la kulia," akasema Somoe, "sema kwa nguvu." Nikasema kwa nguvu. Wakaja majirani, wanawake wawili na mzee mmoja na mtungi wake. "Hawa hawakuwepo," akasema Somoe. "Rudia." Nikarudia, mara ya tatu, jua la utosi, jasho linanishuka mgongoni, napaza sauti kijiji kizima kisikie kwamba mimi Bakari mtu wa maabara nilishindwa kutofautisha sita na tisa, na kwamba huyu dada ni mgonjwa, ni mgonjwa tangu zamani, na alichokuwa anakisema kuhusu mwili wake kilikuwa kweli.

Ile aibu ya kwetu Rahaleo ilikuwa ya mapambo. Hii ilikuwa na uzito, na ajabu ni kwamba niliona kila nikirudia yeye ananyooka kidogo.

Mama mkwe aliinuka. Akavua kanga yake ya begani, akaenda mpaka katikati ya makopa, akamfunika Somoe kichwani nayo, akaivuta mbele ifunike na mashavu.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilisema, mama."

 Yule mama alimshika mkono akamtoa juani.

Tulirudi mjini sote wanne. Nyuma ya kiti changu Somoe alikuwa amemlalia mumewe begani, nami nilidhani amelala, mpaka tulipoukaribia mji akasema, "Kaka Bakari. Hizo siku ulizodhani ugonjwa ni wako, ulifanyaje?"

Ningeweza kudanganya. Nikamweleza yote: mkeka wa kibarazani, mwavuli wa zambarau, ming'oko, uji kwenye chupa ya chai, Yasini, fundi cherehani. Alianza kucheka kwenye mwavuli, na nilipofika kwenye suruali alikuwa amejishika mbavu, anasema inauma, usinichekeshe, inauma, na Asani naye, ambaye hakuwa ametoa neno tangu kijijini, akaangua kicheko akitazama nje ya dirisha. Kicheko kilipotulia Somoe akashusha pumzi.

"Afadhali mmoja wetu alipumzika," akasema.

Hakusema kwa kunichoma. Ndiyo maana mpaka leo linanichoma.

Kwenye mkojo ikaonekana figo zilikuwa zimeguswa, ila si sana, akalazwa, akaanza vidonge, uvimbe ukashuka wiki ya pili. Anakuja kila mwezi kuangaliwa, amevaa kofia ya ukili pana ajabu, na siku hizi mama mkwe ndiye anayemsindikiza na kumgombeza muuguzi akichelewa. Amerudishwa kwenye utafiti, na damu yake tunapima mimi na mtu wa pili akinisimamia, ndivyo Daktari Rehema alivyoamua, na sikubisha.

Nimeapa basi. Nikiambiwa tena kwamba nina ugonjwa, wowote ule, nitafunga mdomo, nitatoa damu mara ya pili, na kabla sijatandikiwa mkeka wa kujililia nitauliza kwanza ni nani, na yuko wapi, aliyeambiwa hana.